Shajara ya mradi: kuandaa marubani kwa usaili wa mashirika ya ndege, wakiwamo waliotoka jeshini

Mradi huu unaandaa kundi dogo la marubani kwa usaili wa mashirika ya ndege ya ukanda wetu na ya Ghuba. Wapo waliozoea Cessna Caravan za injini moja za mbugani na visiwani, wapo waliomaliza CPL (leseni ya rubani wa biashara) na bado wanatafuta kazi ya kwanza, na wapo waliotoka jeshini, wengine kwenye ndege za mizigo, wengine kwenye za kivita. Shajara inaandikwa kila mwisho wa wiki: kilichofanyika, kilichokwama, na tulichobadilisha. Anayetaka kuendesha maandalizi kama haya mahali pengine aichukue na kuirekebisha.

Mazoezi yote yamejengwa juu ya jambo moja. Jopo la usaili linajiuliza kama kapteni atakayekaa na mtu huyu saa tatu usiku, mvua ikinyesha, atajua mwenzake anafikiri nini. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza washiriki wanafundishwa kufikiri kwa sauti na kwa mpangilio. Kukariri majibu kumekatazwa.

WIKI YA KWANZA: LOGIBUKU NA NYARAKA

Tumeanza na logibuku kwa sababu ndiyo inayofunguliwa kwanza mezani, na ndiyo inayoangusha watu kabla hawajasema neno. Kila mshiriki amejumlisha upya ukurasa kwa ukurasa, akitenganisha saa zote, saa za kuwa rubani mkuu, saa za rubani msaidizi, injini mbili, injini za tabaini, kuruka kwa vifaa bila kuona nje, usiku, miezi 12 iliyopita na siku 90 zilizopita.

Kosa lililojitokeza zaidi ni la desimali. Safari ya saa moja na dakika 45 inaandikwa 1.45 wakati ni 1.75. Kila safari ya namna hiyo inapoteza saa 0.3, na safari mia zinapoteza saa 30. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sura yake: dakika 6 zinaandikwa 0.6 badala ya 0.1, na saa zinaongezeka bila mtu kukusudia. Msaili hawezi kutofautisha anayekosea hesabu na anayejiongezea saa. Tiba ni moja: badilisha kila kitu kiwe dakika, jumlisha, kisha gawanya kwa 60.

La pili ni saa za usiku. Huku kwetu jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, yaani 1500 hadi 1600 UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3). Aliyeandika safari zake kwa saa za Afrika Mashariki kwenye safu ya UTC anajikuta na saa za usiku ambazo zilikuwa za mchana, au kinyume chake. Usiku wa kiraia hauhesabiwi tangu jua linapozama. Unaanza pale mwanga wa jioni unapokwisha.

Kwa waliotoka jeshini kazi ni ndefu. Vikosi vya anga vingi huandika muda wa hewani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa. Upande wa kiraia unahesabu tangu ndege inaposogea kwa ajili ya kuruka hadi inaposimama mwisho wa safari. Baadhi ya mashirika ya Marekani humruhusu mwombaji aongeze saa 0.2 au 0.3 kwa kila safari ya jeshi ili kufidia muda wa ardhini. Usiongeze mwenyewe. Acha saa za asili kama zilivyo, weka idadi ya safari pembeni, na uandike kwamba hesabu ni ya muda wa hewani. Shirika lenye kanuni yake litaitumia.

Washiriki waliosoma makala za Kimarekani walikuja na hesabu ya saa 750 kama kima cha chini cha kuingia shirika la ndege badala ya 1,500. Kipunguzo hicho ni cha Marekani peke yake, kwa rubani aliyefunzwa na jeshi la kule. Kilikuja pamoja na kanuni za saa 1,500 zilizotokana na sheria ya mwaka 2010, baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009. Kwa anayejipima hapa, kigezo salama ni Kiambatisho cha 1 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kwa ATPL, leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege: saa 1,500 kwa jumla; saa 250 za rubani mkuu, au 500 ukiwa mkuu chini ya uangalizi; saa 200 za safari za mbali; saa 75 za vifaa, ambazo 30 tu zinaweza kuwa za ardhini, kwenye mtambo wa kuigiza; na saa 100 za usiku. Aliyerusha F-5 ya kiti kimoja ana saa nyingi za kuwa mkuu na hana hata moja ya kukaa na mwenzake. Aliyerusha Y-12 au ndege nyingine ya mizigo yenye marubani wawili anaanza akiwa mbele kwa hilo, na aliseme mapema.

Nyaraka: leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza, pasipoti, vyeti vya shule, cheti cha tabia njema cha polisi, na kwa askari hati ya kuachiwa pamoja na barua ya kikosi inayothibitisha saa, yenye muhuri na sahihi. Barua hiyo iombwe kabla ya kukabidhi vifaa, kwa sababu ukishatoka getini kufuatilia sahihi ya mkuu aliyehamishwa kunachukua miezi. Kiwango cha Kiingereza cha ICAO kiangaliwe tarehe: cha 4 hupimwa tena ndani ya miaka 3, cha 5 ndani ya miaka 6, cha 6 hakipimwi tena. Kuna aliyekuja na kila kitu sawa isipokuwa hicho, na maombi ya mtandaoni yangemtupa nje bila binadamu kumsoma.

WIKI YA PILI: HESABU ZA KICHWANI NA MAJARIBIO YA KOMPYUTA

Dakika 20 kila asubuhi, bila kikokotoo, bila karatasi. Hesabu tulizochagua ni zile ambazo rubani anazitumia kweli, kwa sababu mtu anajifunza haraka kitu chenye maana kwake.

Kushuka: uko FL250 (futi 25,000) unaelekea Zanzibar, unatakiwa uwe futi 3,000. Futi 22,000 mara tatu kwa kila elfu ni maili 66 za baharini. Ongeza maili moja kwa kila noti 10 (maili za baharini kwa saa) za kasi unayopunguza. Kutoka 280 hadi 220 ni maili 6. Anza kushuka maili 72 kabla. Kasi ya kushuka kwenye mteremko wa digrii 3 ni kasi ya ardhini mara tano, kwa hiyo noti 140 ni futi 700 kwa dakika.

Upepo wa ubavuni: njia ya kurukia ya 05 (inayoelekea digrii 050) Dar es Salaam, upepo 080 noti 20. Tofauti ni digrii 30, nusu ya upepo, noti 10. Digrii 45 ni asilimia 70, digrii 60 ni asilimia 90, baada ya hapo chukua wote.

Mafuta: Jet A-1 ina uzito wa takriban kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo kilo 1,600 ni lita 2,000. Hapa tuliweka mkazo wa kutaja kipimo kila mara. Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani mwaka 1983 na kutua Gimli bila injini kwa sababu pauni na kilo zilichanganywa. Mshiriki akijibu “elfu mbili” bila kusema elfu mbili za nini, anarudia.

Saa: ndege inaondoka Dar saa 1:40 asubuhi, inaruka saa 3 na dakika 25 hadi Johannesburg. 0440 UTC, inafika 0805 UTC, na kule ni 1005. Wanaokosea ni wale wanaotaka kuruka moja kwa moja kutoka saa za hapa hadi za kule. Pitia UTC.

Majaribio ya kompyuta kama COMPASS, PILAPT na cut-e yanapima mikono na macho, kumbukumbu, mwelekeo, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kosa kubwa katika lile la mambo mawili ni kushikwa na moja. Mtu anafuata kitone kwa ustadi mkubwa na anasahau namba anazosomewa. Alama hupotea zaidi pale kazi moja inapoachwa kabisa kuliko pale zote mbili zinapofanywa kwa wastani. Tumefanya mazoezi kwa usukani wa kuchezea wa bei ndogo uliochomekwa kwenye kompyuta ya mapajani, huku mwingine akisoma namba za redio za kurudia. Yanatosha. Kinachohitajika ni kuuzoea mkanganyiko wenyewe.

WIKI YA TATU: MASWALI YA KITAALAMU

Tumeacha kabisa mabunda ya maswali elfu moja yanayozunguka kwenye simu. Badala yake tumechukua safari moja na kuichimba hadi chini. Safari ya wiki hii: kuondoka Nairobi saa nane mchana, joto 26, ndege imejaa.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya bahari. Joto la kawaida kwa mwinuko huo ni takriban digrii 4. Kwa digrii 26 tumezidi kwa 22, na kila digrii inaongeza kama futi 120, kwa hiyo ndege inajiona iko karibu futi 7,900. Hapo kasi halisi inazidi ile ya kwenye kioo kwa zaidi ya asilimia 12, maana yake noti 140 za kwenye kioo ni karibu 158 hewani. Sasa maswali yanazaana yenyewe. Matairi yana kikomo cha kasi, tumekaribia kiasi gani? Breki zitameza nishati kiasi gani tukisitisha karibu na V1 (kasi ambayo ukiipita husitishi tena), ikiwa nishati inakua kwa mraba wa kasi? Injini imepoteza nguvu kiasi gani, na ikifa moja, tutapata asilimia 2.4 ya kupanda inayotakiwa kwa ndege ya injini mbili baada ya magurudumu kukunjwa? Kama hatupati, tunapunguza abiria, mizigo au mafuta, na nani anaamua?

Mshiriki anayepita njia hii anajibu pia swali asilowahi kulisikia, kwa sababu anajua kinachosababisha nini. Aliyekariri tafsiri ya V1 anakwama swali la pili tu: “Njia ikiwa na maji, V1 inapanda au inashuka, na kwa nini?” Inashuka, kwa sababu kusimama kunachukua umbali mrefu, kwa hiyo uamuzi wa kusitisha lazima ufanyike mapema. Gharama yake ni kwamba unaweza kuendelea kuruka kwa injini moja ukiwa bado na kasi ndogo, na ndiyo maana urefu wa kuvuka mwisho wa njia huruhusiwa kushuka kutoka futi 35 hadi 15. Kwenye maji hayohayo, tairi huanza kuteleza juu ya maji kwa kasi inayokadiriwa kwa mara 9 ya kipeuo cha pili cha shinikizo lake kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Psi 144 inatoa noti 108.

Walioomba kampuni yenye ATR au Dash 8-400 wamepewa barafu, propela na uzito wa kutua kwenye njia fupi. Walioomba yenye Boeing 787, 737 au Airbus A220 wamepewa mabawa yaliyorudi nyuma, kasi za karibu na sauti, na safari za mbali kwa injini mbili. Precision Air inarusha ATR. Air Tanzania ina Dash 8, A220, 737 MAX 9, 787 na 767 ya mizigo. Kenya Airways ina Embraer 190, 737-800 na 787. Uganda Airlines ina CRJ900 na A330-800. Kutokujua ndege za shirika uliloliomba ni kosa ambalo jopo halisamehe, na ni sawa lisisamehe.

Kanuni ya darasa kwa swali usilolijua: sema unachokijua cha karibu, onyesha ungefikaje kwenye jibu, kisha sema hujui. Kubahatisha kwa uhakika ndicho kinachowatisha makapteni walioko kwenye jopo.

WIKI YA NNE: MASWALI YA MWENENDO, NA LUGHA YA JESHI

Wiki iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na tumeiongeza siku.

Maswali yenyewe yanajulikana: eleza siku uliyopingana na kapteni wako, eleza uamuzi uliofanya bila taarifa kamili, eleza mtihani uliouanguka. Nyuma ya kila swali kuna orodha ya umahiri wa rubani iliyowekwa na ICAO: kufuata taratibu, mawasiliano, kuongoza njia ya ndege kwa otopailoti na kwa mkono, uongozi na kazi ya pamoja, kutatua matatizo na kuamua, kuelewa hali inayokuzunguka, na kumudu wingi wa kazi. Msaili ana karatasi yenye safu hizo na anaandika alama. Hadithi nzuri isiyogusa safu hata moja haina alama.

Umbo la jibu: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini wewe, matokeo, na ungebadilisha nini leo. Dakika mbili. Hali isizidi sentensi mbili, kwa sababu wengi wanatumia dakika nzima kueleza mvua ilivyonyesha na kumaliza kwa “tukatua salama”.

Waliotoka jeshini wanakuja na mambo makubwa kuliko wengine wote, na mara nyingi wanapata alama ndogo. Tumeona sababu zake.

Kwanza, wanasema “tuliagizwa” na “operesheni ilikamilika”. Jeshi linawafundisha kujificha ndani ya kikosi, na kwa kweli ni tabia njema kazini. Mbele ya jopo inamfanya mtu asionekane. Jibu la aina ya “kikosi kilipeleka majeruhi usiku katika hali mbaya ya hewa” limebadilishwa kuwa: “Nilikuwa rubani mkuu. Uwanja tuliopangiwa ulifunikwa na ukungu. Nilikuwa na mafuta ya dakika 50 juu ya akiba. Nilimwomba msaidizi wangu apate hali ya hewa ya viwanja viwili vya mbadala, nikamuuliza daktari majeruhi anaweza kuvumilia dakika ngapi, kisha nikaamua.” Tukio ni lilelile. La pili linaonyesha mafuta, kugawa kazi, kuuliza mtu asiye rubani, na uamuzi.

Pili, siri. Jina la operesheni, mahali, kikosi, silaha na tarehe haviguswi, na msaili mzuri havihitaji. Tumefanya zoezi la kusimulia tukio lilelile likiwa limevuliwa vyote hivyo na likabaki na uamuzi wake. Anayesema “siwezi kulieleza hilo” mara tatu anaonekana hana mfano. Andaa mapema matukio sita yanayoweza kusemwa hadharani: mazoezi, mafunzo, safari za misaada, hitilafu za kawaida.

Tatu, cheo. Meja anayeanza kama rubani msaidizi atakaa chini ya kapteni mdogo kwake kwa umri, na orodha ya ukongwe kazini haijali nyota za begani. Swali litakuja: “Utajisikiaje?” Jibu linalokubalika linataja jambo halisi, kwa mfano mara uliyofunzwa ndege mpya na mwalimu wa cheo cha chini. Vaa suti, acha sare nyumbani, na kwenye wasifu andika kazi uliyofanya kabla ya cheo.

Nne, kwa nini unaondoka jeshini. Kulalamikia mshahara au wakubwa kunafunga mlango. Na kama bado una kipindi cha utumishi, taja tarehe halisi ya kuachiwa. Shirika linapanga kozi ya aina ya ndege kwa viti, na kiti kilichobaki wazi ni hasara kwao.

Kwa wote: mtihani ulioanguka unasemwa. Rekodi zipo kwa mamlaka na kwenye chuo. Sema ulianguka nini, kwa nini, ulirekebishaje, na mtihani uliofuata ulikwendaje.

WIKI YA TANO: SIMULETA, NA SUALA LA “AFANDE”

Kabla ya kulipia simuleta (mtambo wa kuigiza chumba cha marubani) tumetumia siku mbili kwenye viti viwili vya plastiki mbele ya picha kubwa ya chumba cha marubani iliyobandikwa ukutani. Matamko ya kupaa, kushika kasi, kukunja magurudumu, injini kufa baada ya V1, yote kwa mdomo na kwa mkono unaogusa karatasi. Saa ya simuleta ni ghali. Isitumike kutafuta swichi.

Kipindi cha kawaida cha usaili kinakuwa na watu wawili wanaobadilishana: kupaa, kugeuka kwa mwinamo wa digrii 45, kuzunguka kusubiri, ILS (mfumo wa redio unaoongoza ndege kutua) kwa mkono bila msaada wa viongozi vya kwenye skrini, injini moja kufa, na kughairi kutua. Kwa kujipima tumetumia viwango vya mtihani wa ujuzi wa Ulaya: futi 100 juu au chini, digrii 5 za mwelekeo, noti 5 za kasi. Siri ya kurusha ndege usiyoijua ni kuuliza kabla ya kuanza: pua iwe digrii ngapi na nguvu iwe ngapi kwa kusafiri, kwa kushuka, kwa ILS na magurudumu yakiwa chini, na kwa injini moja. Namba nne hizo zikiandikwa kwenye kipande cha karatasi, weka pua, weka nguvu, subiri, kisha rekebisha usukani ukae wenyewe. Wanaoharibu ni wanaoikimbiza sindano ya kasi kwa nguvu za injini kila sekunde mbili.

Marubani wa ndege za kivita wana mikono mizuri na ndiyo inayowaponza. Injini inakufa, nao wanaidhibiti vizuri kabisa, kimya kimya, wanafanya cheklisti kichwani, wanaomba njia kwa mnara, huku mwenzao ameketi bila kazi. Msaili anaandika: amefanya peke yake. Tumewawekea kanuni ya kulazimisha: anayerusha haruhusiwi kugusa redio wala karatasi. Kila kitu akiombe. Baada ya vipindi viwili sauti inaanza kutoka.

Kwa maamuzi tunatumia DODAR: tambua tatizo, orodhesha njia, amua, gawa kazi, kagua tena. Kipande kinachosahauliwa ni cha mwisho. Dakika tano baadaye uliza: “Kuna kilichobadilika? Kuna nilichosahau?” Kwa wahudumu wa ndani, mambo manne: kilichotokea, tunachokusudia, muda uliobaki, na jambo la pekee kama lipo, kisha wayarudie.

Sasa afande. Katika mazoezi, kapteni wa kuigiza aliagizwa aje kutua akiwa na kasi noti 20 juu na flapu hazijakamilika, apite futi 1,000 hivyohivyo ndani ya mawingu, mahali ambapo mashirika mengi yanataka ndege iwe imetulia. Wengi kwenye kiti cha kulia walinyamaza. Waliotoka jeshini walinyamaza kwa mazoea ya amri. Vijana wa kiraia walinyamaza kwa sababu kapteni ni mtu wa kuamkiwa shikamoo, na kumsahihisha mzee mbele za watu kunaonekana ukosefu wa adabu. Chanzo ni mbalimbali, ukimya ni uleule, na ndani ya chumba cha marubani unaua.

Tumewapa ngazi nne za kusema. Ya kwanza ni taarifa: “Kapteni, kasi juu 20.” Ya pili ni wasiwasi: “Hatujatulia, tuko futi 1,000.” Ya tatu ni pendekezo lenye kitendo: “Kapteni, napendekeza tughairi kutua.” Ya nne ni amri: “Ghairi kutua,” na mkono ukiwa tayari. Neno “Kapteni” libaki mwanzoni kila mara. Heshima yote iko pale, na haizuii kilichobaki kisemwe. Zoezi limerudiwa hadi likatoka bila kigugumizi, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, maana usaili wenyewe huwa kwa Kiingereza na mtu akibanwa sentensi ndefu ndizo zinazomponyoka. Sentensi za maneno matano hadi saba zinatosha.

WIKI YA SITA: ZOEZI LA KUNDI NA KUZUNGUMZIA AJALI

Zoezi la kundi limepita haraka. Watu sita, tatizo la kupanga ndege chache kwa safari nyingi, dakika 25, wasaili wamekaa pembeni. Askari wanachukua uongozi dakika ya kwanza na kugawa amri. Vijana wanakaa kimya wakisubiri kuulizwa. Tumewabadilishia kazi: askari awe mtunza muda na mwenye kumuuliza asiyesema, kijana awe mwenye kusoma masharti kwa sauti. Kundi lililoanza kuhesabu kabla ya kusoma masharti yote limeishia na jibu linalovunja saa za kazi za marubani.

Kwenye ajali tumekaa zaidi. Jopo la huku litauliza ya huku. Ndege ya Kenya Airways 507, Boeing 737-800, iliondoka Douala usiku wa tarehe 5 Mei 2007 na watu 114; hakuna aliyepona. Uchunguzi wa Cameroon ulieleza kwamba ndege ililala upande polepole, gizani, bila rejea ya nje, vifaa havikuwa vinafuatiliwa, kulikuwa na mkanganyiko kama otopailoti ilikuwa imeshika, na uratibu kati ya marubani ulikosekana. Mshiriki anaeleza ukweli uliothibitishwa, kisha anasema yeye angefanya nini kama rubani anayefuatilia: kusoma kwa sauti hali ya otopailoti kwenye skrini baada ya kila kubonyeza, na kutamka “mwinamo” unapozidi ule unaotarajiwa.

Precision Air 494, ATR 42-500, iliyoingia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43 na 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Hapa tumeweka sharti kali: hakuna uvumi wa mitandaoni, hakuna kuwahukumu marehemu. Ndani ya jopo anaweza kuwapo mtu aliyeruka nao.

WIKI YA SABA: USAILI WA MFANO KUANZIA ASUBUHI HADI JIONI

Tumeendesha siku nzima kwa mpangilio wa kweli: nyaraka, kompyuta, kundi, kitaalamu, mwenendo, simuleta. Uchovu wa saa tisa alasiri umeonekana wazi kwenye simuleta, hasa kwa walioruka chakula cha mchana ili wapitie maelezo. Wapate chakula, na daftari lifungwe saa sita.

Swali la “kwa nini shirika letu?” bado linajibiwa kwa maneno ya kwenye tangazo. Limerudishwa kwa kazi ya nyumbani: kila mmoja alete njia moja ya shirika hilo, uwanja mmoja mgumu kwenye njia hiyo, na tishio moja analotarajia pale. Kigali iko karibu futi 4,860 na imezungukwa na vilima. Mwanza iko kandoni mwa ziwa lenye radi. Jibu lenye uwanja ndani yake linaonyesha mtu ambaye tayari anaifikiria kazi.

Waliotoka jeshini wameimarika sana kwenye mawasiliano. Kilichobaki ni matamshi ya redio: maneno ya kijeshi bado yanaponyoka wakati wa hitilafu. Wamepewa rekodi za kujisikiliza na orodha ya matamko ya ICAO ya kusoma kwa sauti kila jioni.

Kazi zilizo wazi kwa wiki ijayo: barua mbili za uthibitisho wa saa bado hazijatoka vikosini, kipindi kimoja zaidi cha ILS kwa injini moja kwa wale wa Caravan, ambao miguu yao haijazoea kusukuma usukani wa mkia kwa nguvu na kuushikilia, na karatasi ya kurekodi maswali. Kila anayerudi kutoka kwenye usaili halisi ataijaza jioni ileile, kwa aina ya swali na umahiri uliokuwa ukipimwa. Maswali ambayo shirika limeomba yasitolewe nje hayataandikwa.